Mvumo wa Masikio na Sauti za Kuufunika

Mvumo wa masikio ni sauti anayoisikia mgonjwa peke yake: kengele, mluzi au mngurumo usiotoka popote nje ya kichwa chake. Mara nyingi huanza baada ya chembe za kusikia zilizomo ndani kabisa ya sikio kuumia. Ubongo, ukikosa sauti ulizozoea kuzipokea, huongeza usikivu wake mpaka ukasikia isiyokuwapo. Ndiyo maana mvumo huzidi penye kimya. Katika kata ya Nyakasimbi wilayani Karagwe, kwenye migomba na kahawa, pilika za mchana humpa mgonjwa nafuu bila yeye kujua. Usiku, watu wakishalala, ndipo adha huanza.

Kwamba sauti ya nje yaweza kuufunika mvumo ni jambo lililojulikana tangu kale. Kitabu kimoja cha maswali kilichohifadhiwa pamoja na maandishi ya Aristotle kinauliza kwa nini mvumo hutoweka mtu anapotoa sauti. Aliyeligeuza swali hilo kuwa tiba ni Jean Marc Gaspard Itard, tabibu wa shule ya viziwi mjini Paris, katika kitabu chake cha 1821 kuhusu magonjwa ya masikio. Mwenye mvumo mzito alimshauri akae karibu na moto mkubwa unaonguruma. Mwenye mluzi achome kuni mbichi zinazolia. Na mwenye kusikia kengele atundike chombo chenye tundu kinachodondosha maji ndani ya bakuli la shaba. Uzuri wa ushauri huo ni kwamba sauti ilichaguliwa ifanane na mvumo wenyewe, na vifaa vyake havikupita vile vya jikoni.

Karagwe ilimpokea mgonjwa maarufu wa sikio Novemba 1861, mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipofika ikulu ya Mukama (mfalme) Rumanyika, Bweranyange. Zaidi ya miaka 3 kabla, katika kisiwa kimoja cha Ziwa Tanganyika, mbawakawa alimwingia sikioni usiku. Speke akamimina siagi iliyoyeyushwa, kisha akamchokonoa kwa kisu cha mfukoni. Mdudu alikufa, lakini sikio likavimba na kuziba, na kwa muda mrefu kila alipopenga kamasi sikio lilitoa mluzi uliosikika kwa waliokuwa karibu. Huo haukuwa mvumo unaozungumzwa hapa, kwa kuwa wengine waliusikia, na tofauti hiyo ndiyo ya kwanza ambayo daktari huipima hadi leo.

Chanzo cha mvumo kilichowagusa wengi katika nchi ya malaria ni kwinini. Wakemia Wafaransa Pelletier na Caventou waliitenga kutoka gome la mti wa sinkona mwaka 1820, na baadaye Wajerumani waliupanda mti huo Amani, Usambara. Kuvuma kwa masikio ni dalili ya kawaida kwa anayeitumia. Kwa kawaida hupungua dozi ikiisha. Kwinini ilibaki dawa ya malaria kali kwa miongo mingi, mpaka sindano ya artesuneti, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 kwa watoto pia, ilipochukua nafasi yake. Chanzo kingine ni mshindo. Mwaka 1978 na 1979, wakati wa Vita vya Kagera, mizinga ilirindima kuzunguka Kyaka, jirani na Karagwe, na mlipuko mmoja wa karibu unatosha kuacha mvumo wa maisha.

Kifaa cha umeme cha kufunika mvumo kilitengenezwa na Isaac Jones na Vern Knudsen, Marekani, mwaka 1928, nacho kilikaa kando ya kitanda. Cha kuvaliwa sikioni kilingoja transista. Katika miaka ya 1970 mtafiti Jack Vernon alikuwa akitembea Portland na daktari Charles Unice, aliyesumbuliwa na mvumo. Walipofika kwenye chemchemi ya mjini, Unice akasimama pale pale, kwa kuwa mlio wa maji ulikuwa umeufuta mvumo wake. Vernon akashirikiana na watengenezaji wa shimesikio kupata kifaa kidogo chenye kutoa msonyo. Mwaka 1990 Pawel Jastreboff alieleza kwamba ubongo unaweza kufundishwa kuupuuza mvumo. Basi wafuasi wake hushusha sauti ya kifaa isiufunike kabisa, kwani kisichosikika hakiwezi kuzoeleka.

Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya 2018 hayakupata ushahidi kwamba vifaa hivyo vinashinda ushauri mzuri peke yake. Wagonjwa wengi huvipenda usiku, lakini ni haki mgonjwa wa kijijini aambiwe hayo kabla ya kuuza mbuzi ili anunue kimoja. Redio ndogo iliyowekwa katikati ya stesheni mbili, kwa sauti ya chini, hutoa msonyo wa aina ile ile. Asiyesikia vizuri aweza kufaidika na shimesikio, kwa sababu huurudishia ubongo sauti zilizopotea.

Kabla ya hayo yote sikio hukaguliwa, maana nta iliyoganda au usaha vyaweza kuwa chanzo, navyo hutibika. Mvumo wa sikio moja tu, au unaokwenda na mapigo ya moyo, humpeleka mgonjwa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kwa Kanda ya Ziwa, hospitali kuu ya rufaa ni Bugando, Mwanza.