Ndege iliyokosa maonyesho yake

Wadau, leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata. Juzi nilikaa barazani na wazee hapa Mji wa Kale, mazungumzo yakafika kwenye ndege: watu wa pwani walianza lini kuziona? Nikaenda kuchimba.

Ulaya walizizoea kupitia maonyesho. Agosti 1909, mwezi mmoja baada ya Louis Blériot kuruka kutoka Ufaransa hadi Uingereza, malaki ya watu walimiminika Reims kutazama marubani wakishindana.

Nasi nusura tupate yetu. Dar es Salaam, enzi za Wajerumani, ilipangiwa maonyesho makubwa Agosti 1914, na rubani Bruno Büchner akaja na ndege yake ili airushe mbele ya watu. Vita vikalipuka mwezi huohuo. Maonyesho yakafa, ndege ikachukuliwa na jeshi.

Kilichofuata hakikuwa burudani. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji, Waingereza wakaleta ndege kuitafuta. Tarehe 11 Julai 1915 rubani Cull na mwenzake Arnold walikuwa angani wakirekebisha shabaha za meli zao kwa redio: kombora likianguka, wanatuma herufi chache za Morse, mzinga unasogezwa, linapigwa jingine. Sisi wa programu tunaujua mzunguko huo vizuri! Ndege ikapigwa, injini ikazima. Arnold akaendelea kutuma masahihisho huku wakishuka kuelekea mtoni. Königsberg iliangamia siku hiyo. Mvuvi wa Rufiji aliyetazama juu hakuuziwa tiketi, na sidhani alitamani kupanda.

Mombasa yenyewe ilipokea ndege kama shehena. DH.51 ya John Carberry, iliyoundwa 1925, ililetwa hapa kwa meli, ikaruka Kenya mwaka 1926, na 1928 ikawa ya kwanza kwenye daftari la usajili la nchi. Ikaitwa Miss Kenya. Kisha 1937 Mombasa ikawa kituo cha ndege za majini za Imperial Airways, kati ya Kisumu na Dar es Salaam, zikielekea Durban. Kwa mji wa majahazi, chombo kinachotua baharini nadhani kilieleweka haraka kuliko kile cha kutua nchi kavu.

Na Miss Kenya? Ilirudishwa Uingereza 1965. Iko Old Warden, na kule imerushwa kwenye maonyesho, watu wakilipa kiingilio.