Spea Tangu Siku ya Kwanza

Mwaka 1962, katika duka la mpiga ngoma Jim Marshall huko Hanwell, magharibi mwa London, fundi Ken Bran na kijana Dudley Craven waliunda amplifaya ya vali iliyokuja kujulikana kama JTM45. Mchoro waliufuata wa Bassman ya Fender, kutoka Marekani. Vifaa walivitafuta karibu na nyumbani. Transfoma za matoleo ya kwanza zilitoka Radiospares, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1937 ili kuwauzia mafundi redio spea. Jambo hilo nalikumbuka kila inapodaiwa kwamba amplifaya kongwe iliyobadilishwa transfoma ya umeme imepoteza uasili wake. Kile kinachotukuzwa leo kama kiungo cha kuzaliwa nacho kilikuwa, siku kilipofungwa kwenye chasisi, kitu cha kuagizwa kwa katalogi. Kuibadilisha transfoma iliyoungua, basi, ni kuendeleza utaratibu uleule uliozizaa mashine hizi.

Ushahidi hauishii London. Huko Fullerton, California, Fender haikusuka transfoma zake. Ilizinunua kwa wasukaji kama Triad na Schumacher, na namba zilizogongwa kwenye chuma bado zinasema hivyo. Namba 606312, kwa mfano, husomeka hivi: 606 ni Schumacher, 3 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, 12 ni wiki. Watoza wa leo husoma namba hizo kama cheti cha kuzaliwa, na ni kweli zinasaidia kukadiria umri wa amplifaya. Lakini zilikuwapo kwa sababu transfoma ilikuwa bidhaa iliyopita mikono mingi kabla ya kufika kwa mpiga gitaa. Rangi za nyaya zinasema jambo hilohilo kwa uwazi zaidi: nyeusi kwa umeme unaoingia, nyekundu kwa volti kubwa, nyekundu yenye mstari wa njano kwa kitovu cha msokoto huo, njano kwa volti 5 za vali ya rektifaya, kijani kwa volti 6.3 za kupashia vali nyingine. Huo ulikuwa msimamo wa pamoja wa viwanda vya Marekani. Watu hawakubaliani rangi za nyaya za kitu wasichotarajia kukifungua tena.

Na walikuwa na sababu ya kutarajia. Ndani ya transfoma mna chuma, shaba, karatasi na vanishi. Chuma na shaba hudumu. Karatasi na vanishi huzeeka kwa joto, na kwa makadirio ya zamani ya wahandisi, kila nyuzi 8 hadi 10 zinazoongezeka hukata umri wa kihami kwa nusu. Wakati huohuo umeme wenyewe umepanda. Amplifaya nyingi za Marekani za miaka ya 1950 na 1960 zilikusudiwa volti 110 au 117, ilhali soketi za huko leo hutoa 120, mara nyingine zaidi. Ikiingia 123 mahali pa 117, zile 6.3 zinakuwa takriban 6.6, na volti kubwa nayo inapanda kwa kiwango hichohicho. Mashine hiyo ikiletwa Mombasa kwa msaada wa kipunguza volti, tatizo la volti limetatuliwa, lakini mzunguko wa umeme ni 50 kwa sekunde badala ya 60: sumaku ndani ya chuma inaongezeka kwa asilimia 20, na transfoma iliyosukwa bila akiba ya chuma huchemka. Ongeza rektifaya au kapasita iliyopiga shoti, na fyuzi kubwa iliyowekwa na mtu mwenye haraka, na transfoma itaungua.

Wapo wanaosema sauti itabadilika. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu ukinzani wa waya wa transfoma ndio unaochangia volti kulegea kidogo gitaa linapopigwa kwa nguvu, na wapigaji hulisikia hilo mkononi. Lakini ukinzani na volti hupimika; fundi atafute transfoma inayokaribiana navyo, wala asijali nembo. Wengine hupendekeza kusuka upya ile ya zamani, na kwa mashine adimu nakubaliana nao: mifuniko na namba hubaki. Tukubali tu kwamba waya na karatasi ni mpya kama za spea. Kuhusu bei, ni kweli mtoza atalipa pungufu, ila bei hupima uadimu, na amplifaya ilijengwa ipigwe. Kinachoharibu historia ni kazi isiyoandikwa: kutoboa chasisi ili transfoma isiyolingana iingie, kukata nyaya fupi, kutupa ya zamani. Iliyoungua ifungwe kwenye mfuko na kuwekwa ndani ya kasha, pamoja na karatasi yenye tarehe, volti zilizopimwa na jina la aliyesuka mpya, ili fundi atakayefungua miaka 40 ijayo ajue pa kuanzia.