Gari ya zamani inatetemeka kwenye ralanti: namna ya kutafuta ugonjwa wake

Gari imesimama Sake, shofere anangoja abiria wa kupanda Masisi. Hajakanyaga gazi, lakini usukani unatetemeka mkononi, kioo cha pembeni kinacheza, milango inapiga kelele. Akikanyaga gazi kidogo, yote yanatulia. Anasema: "Ni uzee tu, gari imechoka." Hapana, ndugu musikilizaji. Uzee peke yake hautikisi motere. Iko sababu, na unaweza kuitafuta hatua kwa hatua, hata kule Walikale ambako garaji yenye mashine za kupima iko mbali.

Juu ya nini tuhangaike? Motere inayotetemeka leo kwenye ralanti, kesho inaweza kuzimika yenyewe. Ikizimika kwenye mteremko, breki zinabaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa muzito. Fikiria hayo kwenye milima ya Masisi inayopita mita 2000, na ndani ya gari kuna mama anayepelekwa kujifungua.

Sikiliza mwendo wa mtetemo

Tuchukue Land Cruiser ya series 70, ambayo Toyota ilianza kutengeneza mwaka 1984. Nyingi zinazotembea kwetu ziko na motere 1HZ ya mazuti: silinda sita, litre 4,2, bila elektroniki nyingi. Ralanti yake ni karibu mizunguko 650 kwa dakika. Kwa mwendo huo, kila silinda inawaka kama mara tano kwa sekunde. Kwa hiyo silinda moja ikilala, utasikia pigo la kuchechemea linalorudi mara tano hivi kwa sekunde. Lakini kama mtetemo ni mfululizo, bila kuchechemea, mara nyingi motere yenyewe ni nzima. Shida iko kwenye vile inavyobebwa.

Fungua kapo

Tazama motere na bodi. Kama motere inazunguka laini lakini bodi inatikisika, angalia supori, ile mipira inayobeba motere. Mpira ukipasuka, ukilainika kwa mafuta au ukikaa chini kabisa, chuma kinagusa chuma. Angalia pia kama tiyo ya moshi haigusi shasi. Na kama ralanti imeshuka chini sana, ipandishwe kwanza mpaka kwenye kipimo chake, kabla ya kununua kitu chochote.

Kama motere inachechemea

Anza na mazuti. Mafuta ya bidoni, yale tunayonunua kwa Kadafi kando ya barabara, mara nyingi yana maji na uchafu. Fungua skrubu ya chini ya filtri, toa maji ndani ya chupa: maji yanakaa chini, mazuti juu. Kisha kaza vizuri viunganishi vya tiyo zote toka tanki, kwa sababu penye ufa mdogo hewa inaingia hata kama mazuti haivuji. Piga pompi ya mkono mpaka iwe ngumu. Kama siku inayofuata imelegea tena, hewa bado inaingia.

Mafuta yakiwa safi na motere bado inachechemea, tafuta silinda inayolala. Motere ikiwa kwenye ralanti, mekanisie analegeza kidogo, kwa ufunguo namba 17, nati ya tiyo ya enjektere moja, halafu anaikaza na kwenda kwa nyingine. Akilegeza ya silinda nzima, motere inabadilika sauti na kutetemeka zaidi. Akilegeza na hakuna kinachobadilika, amepata mgonjwa. Hapo abadilishane enjektere mbili. Ugonjwa ukihama pamoja na enjektere, ni enjektere. Ukibaki palepale, ni kupima kompresio: supapu au segma. Kompresio ikiwa nzuri, ndipo tuanze kuitilia shaka pompi. Wengi wanaifungua kwanza, wanalipa pesa nyingi, na gari inarudi na mtetemo wake uleule.

Angalisho: mazuti inayotoka kwa nguvu inaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini. Usiweke kidole mbele yake, vaa miwani, zuia magurudumu kwa mawe, weka moto mbali. Na kazi hii ni ya motere za zamani tu. Kwenye gari mpya za enjeksio ya elektroniki, usiguse nati hizo: presha yake inaweza kuua.

Gari ya esansi

Hapa toa waya wa bugi moja moja, ukishika kwa koleo lenye mpira. Silinda ambayo haibadilishi chochote njo yenye shida. Angalia bugi yake: nyeusi kavu, esansi ni nyingi; yenye mafuta, motere inakula mafuta yake; nyeupe sana, hewa imezidi, pengine tiyo ya hewa imepasuka.

Moshi pia unasema

Moshi mweupe na mtetemo asubuhi, halafu vinaisha motere ikipata moto: angalia bugi za kupashia. Moshi wa bluu ni mafuta ya motere yanayoungua. Mweusi ni mazuti mengi kuliko hewa. Lakini kwenye milima mirefu hewa ni nyepesi, kwa hiyo gari inayotoa moshi mweusi kidogo Masisi inaweza kuwa safi ikishuka kwenye msitu wa Walikale. Kwanza safisha filtri ya hewa, usikimbilie kugusa pompi.

Ukienda kwa mekanisie, usimwambie tu "inatetemeka". Mwambie inaanza lini, baridi ao moto. Inachechemea ao ni mfululizo. Moshi wa rangi gani. Na mafuta ya mwisho uliyanunua wapi. Majibu hayo manne yanaweza kukuokolea siku nzima ya garaji.