Mwaka Vuli Ilipopita Patupu: Bibi Zetu, Maji na Mashimo ya Makumbi



Wazee wa Unguja wanayo hadithi ya Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji aliyekuwa na kasri lake Dunga. Inasemwa kwamba Seyyid Said alipomfunga, mvua ilikatika miaka mitatu, na haikurudi mpaka alipoachiwa. Sisi tunaamini mvua ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, kwa hiyo hatutabishana na hadithi. Lakini kila tukiisikia tunajiuliza: miaka yote hiyo mitatu, nani alikuwa akipika? Alipika nini, na maji aliyatoa wapi? Hadithi inamtaja mfalme na inamtaja aliyemfunga. Mwenye mtungi kichwani hatajwi.

Tuanze na ardhi yenyewe, maana bila ya hiyo mambo mengine hayafahamiki. Upande wa magharibi wa kisiwa una udongo mzito, na huko ndiko zilikopandwa karafuu. Kusini na mashariki, yaani Makunduchi, Jambiani, Paje, Bwejuu, ardhi ni maweni. Mawe ya matumbawe yametokeza juu, udongo uko katikati ya mawe kidogo kidogo, na mto hakuna. Mvua ikinyesha huzama chini na kukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya ndani ya mawe, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Bibi zetu waliyafuata huko huko chini, visimani na ndani ya mapango. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, aliwaletea watu wa mjini maji ya mfereji. Wa maweni waliendelea na kamba na ndoo kwa miaka mingi baadaye.

Mwaka wa kawaida una masika, kuanzia Machi mpaka Mei, na vuli kuanzia Oktoba mpaka Disemba. Mwaka wa ukame haukuja kwa kishindo. Vuli ilipita patupu, ikaingia kaskazi na jua lake la Januari na Februari, na watu wakawa wanatazama mawingu ya Machi ambayo yanapita juu yao kwenda kunyesha kwengine. Huku chini maji matamu yalipungua na ya chumvi yakapanda. Mwanamke ndiye aliyejua mwanzo, kwa sababu ya kunde. Kunde zikipikwa kwa maji ya chumvichumvi hukaa motoni tangu adhuhuri mpaka alasiri na bado ngumu. Sabuni haitoi povu. Chai ina ladha ambayo sukari haiiondoi. Basi mume akirudi shamba kusema mtama umekauka, mkewe alikuwa ameshajua zamani kwamba mwaka ni mbaya.

Hapo nyumba nzima ilianza kwenda kwa kata. Kata, kwa nyinyi mliozaliwa mkakuta bomba, ni kifuu cha nazi kilichotiwa mpini mrefu, cha kutekea maji mtungini. Maji ya kunywa yalikuwa na mtungi wake na mtoto hakuugusa bila ruhusa. Maji ya kuoshea muhogo hayakumwagwa, yalioshea vyombo, kisha yakenda kwenye shina la mpapai. Watu waliondoka kabla ya alfajiri kwenda kisimani, kwani aliyechelewa aliteka tope. Na visima vya karibu na pwani maji yake hupanda na kushuka pamoja na bahari, kwa hiyo mwenye akili alihesabu saa za maji kujaa hata kama haendi kuvua. Ugomvi nao ulikuwepo, tusijidanganye kwamba watu wa zamani walikuwa malaika. Wake wa ndugu wawili wanaochangia ua mmoja na mtungi mmoja, mwezi wa tatu bila mvua, walinuniana kwa sababu ya kata moja tu.

Na twahara? Hili ndilo tunaloulizwa sana na mabibi harusi, hata leo maji yanapokatika siku mbili mtaani. Somo aliyemfunda mwari wa maweni hakumfundisha singo na udi peke yake, alimfundisha kuoga kwa maji machache. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitawadha kwa kibaba kimoja na akakoga kwa vibaba vinne mpaka vitano, na kibaba chake ni ujazo wa viganja viwili vya mikono. Ummu Salama, Mungu amridhie, alimuuliza kuhusu nywele zake alizozisuka kwa nguvu, kama ni lazima azifumue kwa ajili ya janaba. Akamjibu kwamba inatosha kujimiminia kichwani mara tatu kisha ajipitishie maji mwili mzima. Tunapenda kukumbuka kwamba mwenye kuuliza alikuwa mwanamke, na swali lake lilikuwa la nyumbani kabisa.

Wengine hudhani ukame ukishika watu wote walitayamamu. Kwa watu wa pwani sivyo. Maji ya bahari ni safi na yanasafisha. Mabaharia walimuuliza Mtume, nao walikuwa wamechukua maji machache ya kunywa, akawajibu hivyo. Aliye hatua mia kutoka ufukweni ana maji ya kukogea hata kisima kikikauka kabisa. Aliweza kukoga ya bahari na kujisuuza chumvi kwa kata moja ya maji matamu. Kwa hiyo tayamamu ilikuwa ya mgonjwa, na ya aliye mbali na maji au aliyebakiwa na ya kunywa tu.

Chakula nacho kilihamia pwani. Shamba la maweni lilitoa mtama, uwele, muhogo na kunde, na mvua ikikosa vilivyobaki ni muhogo na makopa ya mwaka uliopita. Lakini bahari haingojei mawingu, inafuata mwezi. Kila mwezi mwandamo na kila mbalamwezi kamili bamvua lilitoa maji mbali, na wanawake walishuka na vikapu kutafuta pweza, chaza na kombe, wengine wakitanda dagaa kwa kanga. Kilichozidi kilianikwa.

Tena kulikuwa na makumbi. Mwanamke alikuwa na shimo lake kwenye mchanga wa pwani, limezungushiwa mawe, na ndani yake amefukia makumbi ya nazi yalowane maji ya chumvi kwa miezi. Akiyafukua huyaponda kwa mti mpaka yakawa usumba, akausokota kamba kwa viganja, akauza. Kazi hii inanuka na inachubua mikono, wala haikuhitaji hata tone moja la mvua. Fikiri basi: mume mtama wake umekufa, na mke ana fedha ya kamba.

Fedha hiyo ilikuwa ya nani? Ya mke. Sheria yetu iko wazi, matumizi ya nyumba ni juu ya mume na chuma cha mke ni chake kama mahari yake. Hata hivyo watoto walikula, na unga ulinunuliwa kwa fedha ya usumba. Zaynab, mke wa Ibn Mas'ud, aliuliza kama anaweza kumpa mumewe na mayatima anaowalea, akajibiwa kwamba ana malipo mawili, ya ujamaa na ya sadaka. Kwa maoni yetu, kosa la siku hizi ni kulisoma jibu hilo kama amri kwa mke. Sadaka hailazimishwi. Tena mume mkweli alijua kwamba anapewa, na baadhi yao mavuno yalipopatikana walirudisha.

Mwaka 1989 kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani, na wengi waliokishika walikuwa wanawake. Nao mwani hauhitaji mvua, ingawa joto la bahari limeuharibu sana miaka ya karibuni. Maji yakitoka utaona vijiti na kamba zao kwenye mchanga ule ule wa pwani ambako bibi zao walifukia makumbi.