Historia ya "1x3": kwa nini siku ina saa 24 (Sehemu ya 3)

Leo ni historia, ila inaishia kwenye bahasha yako ya dawa.

Kuna mama mmoja alirudi na mtoto wake homa imepanda upya. Dawa alimpa kwa uaminifu kabisa: saa 1 asubuhi, saa 7 mchana, saa 12 jioni. Mara tatu, kama ilivyoandikwa. Sasa hesabu mwenyewe: kuanzia saa 12 jioni hadi saa 1 asubuhi ni saa 13 mtoto hana dawa. Kosa halikuwa lake. Mimi ndiye niliyeandika 1x3 nikasema "haya, mwingine".

1x3 maana yake ni saa 24 gawanya kwa 3, yaani kila baada ya saa 8: saa 1 asubuhi, saa 9 alasiri, saa 5 usiku. 1x4 ni kila saa 6, 1x2 ni kila saa 12. Umewahi kuandikiwa dawa kila baada ya saa 5? Hapana, kwa sababu 24 haigawanyiki kwa 5. Ukianza saa 1 asubuhi, kesho itaangukia saa 2, keshokutwa saa 3, na hairudi saa 1 asubuhi mpaka siku 5 ziishe, maana kigawe kidogo cha shirika cha 5 na 24 ni 120. Nani ataamka hivyo?

Hiyo 24 tumerithi Misri ya kale. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita waliugawa mchana mafungu 12 na usiku mafungu 12. Na sisi Waswahili bado tunahesabu hivyo hivyo, 12 za mchana na 12 za usiku, tukianzia jua linapochomoza. (Huku Makere jua linachelewa karibu saa nzima, kwa sababu saa ya nchi imepangwa kwa watu wa mashariki. Hilo tuwaachie.) Dakika 60 asili yake ni Babeli. 12, 24 na 60 zote zinagawanyika kwa 2, 3, 4 na 6 bila kubaki kitu.

Wafaransa walijaribu kubadilisha. Mwaka 1793, wakati wa mapinduzi yao, walipitisha siku ya saa 10, kila saa dakika 100. Inaonekana nadhifu, lakini 10 inagawanyika kwa 2 na 5 tu. Fikiria 1x3 kwenye siku ya saa 10! Watu hawakuizoea, na mwaka 1795 ikasimamishwa.

Sasa, mtoto akiwa na dawa mbili, moja kila saa 6 na nyingine kila saa 8? Ya kwanza inaenda 6, 12, 18, 24. Ya pili 8, 16, 24. Zinakutana kwenye 24 tu, yaani mara moja kwa siku. Kwa hiyo usizilazimishe zote ziwe pamoja kila mara ili upumzike. Najua usiku ni mrefu, mama, nami nina watoto.

ALU ya malaria, tuliyoanza kuitumia Tanzania Bara mwaka 2006, ina mpangilio wake. Dozi ya pili ni baada ya saa 8, ya tatu ni saa 24 tangu ile ya kwanza, halafu kila saa 12. Ukianza saa 3 asubuhi, ya pili ni saa 11 jioni, kisha kesho saa 3 asubuhi na saa 3 usiku. Siku ya kwanza ndiyo wengi wanakosea, wanasubiri mpaka usiku.

Na kabla hujaondoka dirishani, hesabu vidonge. Jumlisha tarakimu: jumla ikigawanyika kwa 3, namba nzima inagawanyika kwa 3. Wahasibu wa India na Waarabu walitumia ndugu wa kanuni hii, ya 9, kukagua mahesabu yao zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Vidonge 21 vya 1x3: 2+1 ni 3, sawa, ni siku 7. Ukipewa 20, 2+0 ni 2, haigawanyiki. Rudi dirishani uulize, hata kama foleni inanung'unika.