DHIS2

DHIS2 ni programu huria ya kompyuta inayotumiwa na wizara za afya kukusanya, kuhifadhi na kuchambua takwimu za huduma za afya. Jina lake ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "programu ya taarifa za afya za wilaya". Tarakimu 2 inaonyesha toleo la pili. Inasimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei na hutolewa kwa leseni ya BSD, hivyo serikali yoyote inaweza kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza bila kulipa ada. Inatumika katika nchi zaidi ya 70, nyingi zikiwa za Afrika na Asia.

Historia

Mradi uliozaa programu hii, unaoitwa HISP, ulianza Afrika Kusini mwaka 1994, wakati idara za afya zilizotenganishwa na siasa ya ubaguzi wa rangi zilipopaswa kuunganishwa. Toleo la kwanza lilijengwa juu ya Microsoft Access: programu yenyewe ilitolewa bure, lakini ofisi iliyoitumia ilihitaji leseni ya Microsoft. Toleo la pili liliandikwa upya kwa lugha ya Java ili litumike kupitia intaneti. Lilianza kutumika katika jimbo la Kerala, Uhindi, mwaka 2006.

Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011. Badala ya kuweka nakala katika kompyuta za kila wilaya, wizara ilitumia seva moja ya kitaifa, na maafisa wakaifikia kwa modemu za mitandao ya simu. Uganda na Rwanda zilifuata, na Tanzania Bara ilikamilisha uenezi mwaka 2013. Vitabu vya MTUHA havikutoweka: katika zahanati nyingi mhudumu bado hujaza kitabu na kujumlisha kwa mkono, kisha takwimu huingizwa kwenye mfumo katika ofisi ya wilaya.

Faida kwa uchumi wa ndani

Kutokuwepo kwa ada ya leseni hakuondoi gharama. Seva, intaneti, mafunzo na marekebisho ya fomu hulipiwa, na mafunzo hurudiwa kila watumishi wanapohamishwa. Tofauti ni nani anayelipwa. Kwa kuwa msimbo uko wazi, kazi hiyo inaweza kufanywa na wataalamu wa nchini bila kusubiri kampuni iliyouza programu. HISP Tanzania, iliyokua kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, imefundisha vijana kuandika vijiprogramu vya kuongezwa juu ya DHIS2, na vikundi vya namna hiyo vipo Uganda, Afrika Kusini na kwingineko.

Ujuzi huo umewahi kusafiri kuelekea kaskazini. Mwanzoni mwa mwaka 2020 wataalamu wa Sri Lanka walirekebisha DHIS2 kufuatilia wasafiri walioweza kuwa na virusi vya korona. Baadaye manispaa nyingi za Norwei zilitumia DHIS2 kufuatilia watu waliokutana na wagonjwa.

Mipaka

Kiini cha programu bado huandikwa zaidi Oslo, na sehemu kubwa ya fedha hutoka kwa wafadhili kama serikali ya Norwei na Mfuko wa Dunia. Wizara isiyo na bajeti yake ya seva na mishahara hubaki ikitegemea miradi hiyo, hata kama msimbo wote iko nao. Aidha, mtaalamu aliyefunzwa serikalini huweza kuchukuliwa na shirika linalolipa zaidi, na wizara ikalazimika kuanza kumfundisha mwingine.