Mtoto wa miaka 12 aliyetupa vanila, yeye akaambulia jela

Juzi dada mmoja wa Kibondo (jina naliweka kapuni) kaniuliza kama tonka, ile mbegu nyeusi inayosifiwa kwenye pafyumu za bei mbaya, inapatikana soko la Kasulu. Haipatikani, dada yangu. Mti wake ni wa Amerika ya Kusini. Harufu inatokana na kumarini, na tangu Mwingereza William Perkin aitengeneze maabara mwaka 1868, pafyumu nyingi hazihitaji hata mbegu yenyewe. Kwenye keki usiitie kiholela, Marekani waliipiga marufuku kwenye chakula 1954 kwa kuhofia ini.

Ila inayofanana nayo tunayo nchini: vanila ya Kagera. Na hii ndo ina stori.

Kwao ni Mexico. Wafaransa wakaipanda kisiwa cha Réunion, ikatoa maua, maganda wapi! Wadudu wa kwao hawakuwepo, na ua linafunguka asubuhi moja tu. Mwaka 1841 mtoto mtumwa, Edmond, miaka 12, akainua kiwambo kidogo ndani ya ua kwa kijiti, akabana chavua kwa dole gumba. Basi! Mpaka leo Madagaska, Uganda na Kagera wanafanya hivyo hivyo, ua kwa ua.

Hakuwa hata na jina la ukoo. Albius kapewa utumwa ulipofutwa 1848. Na watumwa wa visiwa vile wengine walitoka pwani yetu: 1776 Mfaransa Morice alisaini mkataba na sultani wa Kilwa apewe watu 1,000 kwa mwaka. Hapo nikawakumbuka babu zetu Waha walioenda manamba kwenye mkonge Tanga. Sijawahi kusikia aliyerudi tajiri.

Edmond naye? Uhuru ukaja, akafungwa kwa kesi ya wizi. Aliyekuwa bwana wake akamwombea, akatoka mapema. Akafa 1880, masikini, kisiwa kikiuza vanila Ulaya.

Haya dada, chupa yako. Pasua maganda matano au sita kwa urefu, tumbukiza kwenye kikombe kimoja cha konyagi, funga, weka kabatini pasipo jua, tikisa kila wiki. Subiri miezi miwili au zaidi. Kile kichupa cha bei chee cha dukani mara nyingi ni vanilini ya kiwandani, ganda hakijaliona.

Yangu ina wiki ya tano. Bado inanuka konyagi kuliko vanila.